Mchezo wa Karibu Chini

Ukiingia supamaketi ile kwa mlango wa mbele, kabla hujaona bidhaa yoyote utamsikia Shangazi. Yuko mkono wa kulia, penye meza ya matunda na mboga, aproni ya kijani kaifunga kwa taabu kwa sababu aliyeikata hakumkadiria mtu wa mwili wake, na hapo alipo anabishana na mteja kuhusu papai. Mteja anataka kulibonyeza. Shangazi hataki. Anasema papai si shavu la mtoto, ukilibonyeza leo kesho mwenzako atakuta donda. Mteja anacheka, analichukua papai lile lile, na anaondoka na mkungu wa ndizi ambao hakuwa nao kichwani alipotoka nyumbani kwake.

Kwa damu si shangazi wa mtu yeyote pale dukani. Jina lilianzia kwa keshia mmoja, likashika, na sasa hata mzee anayeleta maziwa kwa lori, aliyemzidi umri kwa mbali, anamwita Shangazi, naye anaitika bila haya. Nyumbani ana mume, fundi viatu, mtu asiyependa kupoteza maneno. Watoto wameoa na kuolewa, kila mmoja kashika njia yake. Kwa hiyo mdomo wote ule aliokuwa akiutumia kulea umehamia dukani, na duka zima limelelewa.

Asubuhi huinyunyizia maji sukumawiki na mchicha visinyauke, huchambua yaliyoanza kuoza, kisha hupanga machungwa kuwa mnara. Mnara wake una sifa. Chini huweka yale makubwa yenye kitako kilichotulia, juu yanafuata yenye umbo zuri, na kileleni analikalisha moja lenye jani lake bado. Akishamaliza husimama mbali kidogo kuutazama, mikono kiunoni, na humwomba Mungu amlinde na wateja wanaochomoa chungwa la chini. Mungu husikia siku nyingine, siku nyingine hasikii.

Sasa tuseme habari ya sakafu. Duka lile lina vigae vyeupe vilivyochaguliwa na mtu ambaye bila shaka hakukusudia kutembea juu yake. Vikikauka vinapendeza. Vikilowa, ni heri upite kwa magoti. Na maji hayakukosekana: kulikuwa na ya mboga za Shangazi, kulikuwa na ya barafu ya samaki, na zaidi kulikuwa na ya friji la maziwa, ambalo lilianza kuvuja siku moja likaachwa livuje, maana maziwa yenyewe yalikuwa yanapoa vizuri tu. Wafanyakazi walilitafutia dawa, na dawa yenyewe ilikuwa boksi. Boksi tupu la biskuti au la sabuni lilipasuliwa, likatandikwa mbele ya friji linywe maji. Likishiba, lilitandikwa lingine juu yake. Kila mgeni kazini alifundishwa hivyo siku yake ya kwanza, pamoja na mahali pa kutundika koti.

Bila shaka watu walianguka. Aliyeifungua njia alikuwa Mapezi, muuza samaki, jina ambalo mama yake hakumpa. Alipita na trei ya samaki kichwani kwa mbwembwe, akakanyaga boksi, na dakika ile ile samaki walikuwa huku, yeye kule, na wateja wote wamegeuka. Akalala pale akitazama dari, uso umemwiva kwa aibu. Mtu kuanguka mbele za watu humchoma roho kabla hata goti halijaanza kuuma. Shangazi akaliona lile, akamwonea huruma, na kwa vile huruma yake haijui kutoka bila kelele, akapaza sauti kutoka kwenye meza yake, kwa ukarimu wa mwenyeji aliyepata mgeni mlangoni, "Karibu chini!"

Mapezi si mtu wa kukosa jibu. Kutoka pale pale sakafuni akasema, "Asante, sikai, napita tu," na akawa ameshasimama. Duka lilicheka mpaka mteja mmoja akashikilia rafu ya mchele asianguke naye. Aibu ikayeyuka. Mapezi akakusanya samaki wake kifua mbele, na siku ile aliuza kuliko siku zote, maana kila mtu alitaka kununua kwa yule aliyepita tu.

Basi ikawa sheria. Mtu akianguka, aliye karibu humkaribisha, naye hujibu, na fahari yenyewe ni uwe umeshasimama kabla hujalimaliza jibu. Aliyechelewa kuinuka alitaniwa mpaka saa ya kufunga. Keshia mkubwa, mama mmoja aliyeitwa Risiti kwa sababu hata ukimwomba maji ya kunywa hukaribia kukupa risiti, aliwahi kuanguka na droo nzima ya sarafu, na akasimama upesi hivi kwamba wengine walibisha kwamba hakuanguka. Mlinzi wa mlangoni alianguka mara nyingi mpaka ikasemwa amepewa shamba kule chini. Walicheka sana katika duka lile. Mtu akiwa na mawazo yake ya nyumbani, alikuja kazini akayasahau. Na aliyewaletea hayo alikuwa Shangazi, nao walimpenda kwa hilo.

Yeye peke yake ndiye hakuwahi kuanguka. Kwa miaka yote ile alipita juu ya maji yale na mwili wake ule bila kuyumba, na alijisifu kwa hilo waziwazi, hasa mbele ya Mapezi. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, nao wenzake walikuwa wamengoja hadi wakachoka.

Siku yenyewe alikuwa amebeba kreti ya nyanya. Njia ya kawaida ilikuwa imezibwa na kigari cha unga, akaamua kukata kwa mbele ya friji la maziwa. Boksi la siku ile lilikuwa limelowa hadi tabaka la chini kabisa. Alipolikanyaga, liliteleza likaondoka na mguu wake wa kushoto, nyanya zikaruka, naye akatua ubavuni kwa kishindo kilichofanya chupa za maziwa zigongane.

Mikono ya Risiti ikasimama juu ya mashine. Mapezi akaacha kisu, akatoka nyuma ya meza yake, na kwa furaha ya mtu aliyelipwa deni la zamani akatamka kila silabi, "Shangazi, karibu chini!"

Maumivu yalikuwa yametoka nyongani yakafika kwenye meno. Aliona giza, kisha giza likaondoka akaona nyuso. Zote zilikuwa zinang'aa. Mlinzi alikuwa ameingia ndani aone, kaacha mlango wake wazi. Wateja wa siku zote, wanaoujua mchezo, walikuwa wanangoja kwa tabasamu. Shangazi akawaza kwamba hawezi, yeye wa kuwakaribisha wengine, leo akalia. Akasema, "Asante, sikai," na jinsi alivyosimama hakuna ajuaye, hata yeye mwenyewe hajui. Akacheka kuliko wote. Akamwambia mteja aliyekuwa anaokota nyanya kwamba hizo zishaonjwa na sakafu na hazina kasoro.

Mpaka jioni alisimama akiegemea meza ya matunda. Hakwenda kunywa maji, kwa sababu maji yalikuwa upande wa pili wa duka. Walioleta mboga kupimiwa waliletewa mzani palepale alipo. Hakuna aliyeshuku kitu, maana mdomo haukupumzika.

Mumewe hufanyia kazi barazani, kiatu katikati ya magoti, misumari midogo mdomoni. Ni mtu anayewatazama watu kuanzia miguuni, na akifika usoni huwa ameshajua habari nyingi. Alimwona mkewe anakuja akishika kuta za majirani, akaona jinsi mguu wa kushoto unavyowekwa chini kwa kuombwa, akatema misumari yake mkononi. Akamwinamia, akamvua kiatu, akakigeuza. Soli ilikuwa imelika ikawa laini kabisa. Mtaa mzima ulitembea juu ya soli alizozipiga yeye, na mkewe alikuwa anateleza. Mfinyanzi hulia gaeni, na gae lenyewe alikuwa amelishika mkononi. Macho yalimjaa machozi, akakiweka kiatu chini ya benchi mbali na macho ya watu.

Hospitalini daktari alitundika picha ya mfupa dirishani, akawaonyesha ufa mwembamba kwenye nyonga. Alitaka kujua mtu aliyeumia hivi aliwezaje kusimama mchana kutwa. Shangazi akamjibu kwamba alikuwa anacheka. Daktari hakucheka. Alimpa magongo mawili, akamkataza kusimama sana, kubeba, kupanda ngazi na kuinama, yaani akamkataza kila kitu anachokijua, kasoro kusema.

Basi akasema. Kukaa nyumbani alikokuogopa kukageuka kuwa raha ya aina yake. Aliwekewa kiti barazani karibu na benchi la mumewe, mguu juu ya mto, na wateja wa viatu wakapata mtu wa kuzungumza naye. Mumewe kwa miaka alikuwa akipokea kiatu, akitikisa kichwa, na kutaja siku ya kukijia. Sasa mtu akileta kiatu aliulizwa habari za mama yake, akaambiwa kisigino hiki kimelika upande mmoja kwa sababu ya kutembea kwa hasira, na akashauriwa asamehe aliyemkosea. Watu walianza kuleta viatu vizima. Fundi viatu alikuwa akiinamia nyundo yake akitabasamu, na usiku alimwambia mkewe kwamba hakujua viatu vina maneno mengi hivyo. Yeye naye alimsuta kwamba kaishi naye miaka yote hii bila kumkaribisha barazani.

Mapezi na Risiti walikuja kumwona siku ya mapumziko, wamevaa nguo zao nzuri. Walileta maembe. Shangazi akayageuza moja moja, akasema haya yamechaguliwa na mtu aliyefumba macho, kisha akala mawili. Walicheka, wakasimuliana habari za dukani, lakini Mapezi alikuwa anakaa kaa vibaya kitini, na Risiti alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa chake. Mwishowe Risiti ndiye aliyesema.

"Shangazi, meneja alituuliza. Sote, mmoja mmoja."

"Mkasemaje?"

"Tulisema kweli. Kwamba ulianguka, ukainuka mwenyewe, ukacheka, ukafanya kazi hadi jioni."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Basi ndiyo hiyo. Anasema mtu aliyevunjika hainuki akicheka. Anasema huko dukani ulijikwaa tu, kuumia umeumia nyumbani."

Mapezi akamalizia lililobaki huku akitazama maganda ya maembe. Mtu aliyeumia nyumbani hangojwi kazini. Meneja ana watu wake juu wanaomuuliza, na amesema mwezi ukiisha meza ya matunda itapewa mtu mwingine. Amekwisha kuulizia.

Wageni walipoondoka Shangazi alikasirika, na hasira yake ilitosha mtaa. Alimkasirikia meneja, kijana yule mwenye adabu zake na tai yake. Aliwakasirikia Mapezi na Risiti kwa kusema kweli. Alilikasirikia friji. Kisha hasira ikaisha, ikabaki hofu, na hofu hakuizoea. Bila meza ile angekuwa nani? Angebaki mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa aliyekaa barazani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, nao mzaha huu aliutunga yeye mwenyewe, akaulea, akaufundisha kila mtu aliyeajiriwa. Duka zima lilikuwa shahidi wake, kila shahidi alikuwa mkweli, na ukweli wao ndio uliokuwa unamtoa kazini.

Alimwambia mumewe yote hayo wakiwa wanakula. Fundi viatu alitafuna, akameza, akafikiri.

"Kawaambie uliumia," akasema.

"Si wanajua? Sina magongo?"

"Wanajua ulicheka. Hujamwambia mtu kwamba uliumia. Hata mimi, mke wangu. Niliona kwenye kiatu."

Ilikuwa hotuba ndefu kwa mtu yule. Shangazi alitaka kumjibu kwa utani, akafungua mdomo, utani haukuja. Akaona kwamba ni kweli, na akaona pia kwamba lile neno moja dogo linamtia aibu kuliko kuanguka kwenyewe.

Dukani kila asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, wafanyakazi husimama nusu duara karibu na mashine za makeshia, na meneja husema ya siku: bidhaa zinazokaribia kuisha muda, vigari visivyoachwa njiani, usafi. Asubuhi iliyofuata walisikia kwanza magongo. Shangazi aliingia kwa mlango wa wafanyakazi, mumewe nyuma yake kabeba mkoba. Watu wakashangilia. Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu anayefuata lililosemwa, alikimbilia kumletea kiti. Shangazi mdomo ukaanza wenyewe kusema hakai. Akajizuia, akakaa.

Akaomba ruhusa ya kusema. Waliomzoea walijiandaa kucheka.

"Mwanangu meneja, hawa hawakukudanganya," akaanza. "Nilicheka. Nilicheka kwa sababu niliona nyuso zao zinafurahi, na mchezo niliuanzisha mimi, nikaona haya kuwaharibia. Lakini niliumia. Niliumia pale pale, mbele ya friji la maziwa. Niliumia mpaka nikaona giza, na siku nzima niliumia, na nyinyi wote mlikuwa hapa nami sikumwambia hata mmoja. Sasa nawaambia."

Sauti ilikatika mwishoni. Hawakuwahi kuisikia inakatika. Hakuna aliyecheka. Kisha Mapezi akakohoa.

Akasema yeye, tangu siku ile ya trei, hajakalia makalio mawili. Anakalia moja. Watu wamedhani ni maringo, naye akawaacha wadhani hivyo, lakini ni mfupa wa mwisho wa mgongo, na hata jana kwa Shangazi alikuwa anahesabu lini wataaga. Mtu mmoja akaguna kwa kicheko. Risiti akainua mkono wa kulia, akasema huu haufungui hata kifuniko cha chupa, na ndiyo sababu amejifundisha kubofya mashine kwa kushoto, na mjue kwamba si uhodari. Mlinzi akapandisha suruali wakaona goti, na goti lilikuwa na rangi ambazo hazipo kwenye meza ya matunda. Muuza mikate akasema bega. Wa nyama akasema kiwiko. Kila aliyesema alizidi kuchekesha, maana kila mmoja alikuwa na uongo wake wa nyumbani: huyu kamwambia mkewe ni baridi, yule kamwambia mama yake ni uzee. Walikuwa wanacheka na kujishika mahali palipouma, na wengine walikuwa wanafuta machozi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wao walikuwa wameyaficha duka zima.

Meneja alikuwa ametazama chini muda wote ule. Waliponyamaza akalegeza tai yake.

"Mimi pia," akasema.

Wakadhani hawakusikia vizuri. Akaeleza kwamba kulikuwa na asubuhi aliyofika wa kwanza, akafungua, akapita mbele ya friji akiwa na funguo mkononi. Alipoanguka, jambo la kwanza alilofanya ni kutazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Hakuna aliyemwona. Nyumbani alimwambia mkewe ameumia akicheza mpira, na mkewe akamuuliza tangu lini.

"Niliogopa mtanicheka," akasema. "Halafu nikafikiri kwamba pengine hamtanicheka. Kwamba mngenyamaza tu, kwa sababu ni mimi. Na hilo liliniuma zaidi. Tangu nimekuja hapa hakuna aliyewahi kunikaribisha."

Hapo Shangazi akasahau meza, akasahau mwezi unaoisha, akamwona mtoto wa mtu. Akamwambia asogee karibu. Akamshika mkono, akamuuliza anaumwa wapi. Meneja akasema kisigino na mgongo kidogo. Fundi viatu, aliyekuwa amesimama nyuma bila kutajwa, akainama kutazama viatu vya meneja, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Milango ilichelewa kufunguliwa siku ile, na wateja waliokuwa nje waliona jambo la ajabu kupitia kioo: meneja mwenyewe, tai begani, anaburuta maboksi yaliyolowa kuelekea jalalani, na wafanyakazi wake nyuma wakimwelekeza. Fundi wa friji aliitwa. Alipofika alikuta kasoro ni mpira wa bomba uliolegea, akaubadilisha wakati watu wanakunywa chai, na aibu ikawa ya wote. Meneja akawaandikia wakubwa wake kwamba mfanyakazi wake aliumia kazini, mbele ya macho ya wenzake, na kwamba meza yake inamngoja. Wakubwa wakauliza mbona kwanza alisema vingine. Akajibu kwamba kwanza hakuwa amemuuliza mwenyewe aliyeumia.

Meza ya matunda aliisimamia meneja mwenyewe hadi nyonga ya Shangazi ikapona. Habari zilimfikia Shangazi barazani kila siku, naye alizila kuliko maembe. Mnara wa machungwa wa meneja ulisimama mpaka mtu wa kwanza alipopiga chafya. Wateja walibonyeza mapapai watakavyo. Bibi mmoja alimwambia meneja usoni kwamba mboga zinamlilia mwenyewe. Huku nyuma viatu vya duka zima vilikuwa vinapita barazani kwa zamu kupigwa soli za mpira wenye meno, na vya kwanza kutoka chini ya nyundo ya fundi vilikuwa vile vya mkewe, alivyovitoa chini ya benchi usiku mmoja.

Shangazi alirudi kazini akitembelea gongo moja, akapewa kiti kirefu nyuma ya mzani. Alikibishia kwa siku mbili, siku ya tatu alikuwa ameshakiwekea mto. Mnara ukainuka tena. Sauti ikarudi mahali pake, na mzee wa maziwa akasema kwamba sasa duka limewashwa taa.

Kulikuwa na keshia mpya, msichana aliyeajiriwa juzi juzi, mpole, wa kumwamkia kila mtu hata asiyemzidi umri. Asubuhi moja duka likiwa limejaa, alikuwa anapita mbio kupeleka chenji, akakanyaga zabibu iliyodondoka kutoka mfuko wa mteja. Zabibu moja tu. Alianguka vibaya, mkono chini ya mwili, na kabla watu hawajageuka vizuri akawa ameshainuka nusu, anatabasamu kwa midomo iliyokauka, anasema samahani, samahani, si kitu.

"Kaa kwanza, mwanangu," Shangazi akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameshashuka kitini. Alikwenda na gongo lake mpaka alipo yule msichana, akaweka gongo kando, akashika ukingo wa meza, akajishusha pole pole mpaka akakaa naye kwenye vigae. Akamuuliza habari za kiganja, akamwambia akunje vidole, akunjue. Akauliza kiwiko. Akauliza goti, na kichwa, na mgongo, kila kimoja kwa zamu yake, bila haraka, na msichana akajibu kila kimoja. Hapakuwa na kilichovunjika. Lakini walipofika mgongoni akalia kwa sauti, akisema kati ya kwikwi kwamba alidhani watamwambia hafai.

Mapezi akaja akakaa upande wa pili, kwa kalio lake lile moja. Risiti akafunga mashine, akaja. Mlinzi akaja. Meneja akatoka ofisini kuona kwa nini kumetulia, akawakuta, akapandisha suruali kidogo isikunjike, naye akakaa. Mteja mmoja mwenye kabichi mkononi akauliza kama wamegoma. Risiti akamwambia akitaka kukaa akae, asipotaka avumilie, hakuna foleni. Msichana akawatazama wote waliomzunguka pale chini, meneja na tai yake, na kicheko kikamtoka katikati ya machozi. Akasema haumwi tena, lakini akaomba wakae kidogo zaidi. Wakakaa.

Walipomaliza wakasimama mmoja mmoja, wakijipangusa. Msichana alisimama. Meneja alisimama. Shangazi akabaki. Alijaribu kushika meza, nyonga ikakataa. Alijaribu upande wa pili, ikakataa pia. Akatazama juu, akaona nyuso zao zote zimemwinamia, zinamngojea. Utani ulikuwa tayari mdomoni, wa kutosha kuwachekesha mpaka jioni, akauacha ukae hapo hapo.

"Niinueni," akasema. "Peke yangu siwezi."

Mikono ilikuja mingi mpaka ikakosa pa kumshika. Mwenye kabichi naye aliiweka kabichi chini akatoa wake. Wakamwinua, naye akacheka njia nzima ya kwenda juu.